Siri ya Mtungi na Ofisi ya Kata

"Hivi wewe Bi Somoe," jirani yake Bi Chiku alimuuliza siku moja, wamekaa uani, mmoja anachambua mchele na mwenzake anamtazama anavyochambua, "mtu akupe kitu, kisha arudi akitake kitu kilekile. Ukimtolea, utakuwa umempa au umemrudishia?"

Bi Somoe aliokota jiwe katika ungo, akamtupia kuku. Kuku akalitazama, akalikataa.

"Kitu gani?"

"Namba yako ya siri. Serikali ndiyo iliyokupa. Tena karani wa serikali ndiye anayekuuliza, mama, namba yako ngapi. Sasa ukimwambia, umetoa siri au umerudisha siri?"

"Nitafikiri," alisema Bi Somoe.

Bi Chiku akacheka. "Wewe na kufikiri kwako. Mwenzio nimeuliza tu."

Lakini ndivyo alivyokuwa Bi Somoe. Shule aliishia darasa la saba, na yale aliyoyakosa darasani aliyatafuta kwa kutazama. Ukimuuliza leo, atakujibu akishamaliza kutazama, na pengine kutazama kukachukua mwaka. Swali lile alilifunga pindoni mwa kanga, akaendelea na mchele wake.

*

Nchi yao iliitwa Hapahapa. Zamani ilikuwa na jina refu lenye maana, ila kila serikali iliyoingia ililibadilisha, mpaka wananchi wakaona heri yaishe. Mgeni akiwauliza, ninyi watu wa wapi, humjibu, "Wa hapahapa," naye huandika.

Basi Hapahapa ilikuwa na serikali yenye huruma. Hili tunalijua kwa sababu ilikuwa na Wizara ya Huruma, na Waziri wa Huruma, na msafara wa magari yenye ving'ora vya kuwaondoa njiani wale waliokuwa wanakwenda kuhurumiwa. Kila mjane na kila mzee asiye na wa kumlisha alipewa Kadi ya Huruma. Akiitia kwenye mashine ya duka la mgao na kubonyeza namba yake ya siri, hupata mgao wa mwezi: unga, maharage na mafuta ya kupikia. Unga wa Huruma mtu huutambua akiwa amefumba macho, maana lori la serikali lilibeba unga chini na madumu ya mafuta ya taa juu, na barabara za Hapahapa zina mashimo. Wizara ilieleza kuwa ile harufu ni virutubisho.

Siku ya kuzindua kadi, Waziri alipanda jukwaani akiwa na shada la maua shingoni lililomzuia kutazama chini.

"Ndugu wananchi," alisema, "wahenga walisema, siri ya mtungi aijuaye kata. Nami nawauliza, mtungi ni nani? Mtungi ni wewe mwananchi, umetulia zako pembeni, umejaa. Na Kata je? Wahenga hawakuwa wajinga, ndugu zangu. Waliona mbali. Walijua ipo siku patakuwa na Ofisi ya Kata."

Wazee waliokaa mbele wakatazamana. Kwao kata ni kile kifuu cha nazi chenye mpini, cha kutekea maji mtungini, na hakuna nyumba pale isiyokuwa nacho kikining'inia mlangoni. Lakini kanga za bure zilikuwa bado hazijagawiwa, kwa hiyo wakapiga makofi.

Methali ile ikawa sera. Ikapigwa chapa kwenye kanga, ikabandikwa ukutani, halafu ikatungiwa sheria. Sheria ilisema kwamba siri inayojulikana na mtu mmoja si siri, ni uchoyo. Ili namba ihesabiwe kuwa ya siri, ni lazima ijulikane na walinzi watatu: karani wa Kata, mwenyekiti wa mtaa, na jirani mmoja mwenye tabia njema. Mwenye kadi mwenyewe haikuwa lazima aijue, ila akitaka kuijua hakukatazwa.

Walinzi wa Bi Somoe walikuwa Karani Sefu, Mwenyekiti Kondo, na Bi Chiku.

*

Mume wa Bi Somoe, Mzee Shomari, alifariki msimu wa machungwa. Nyumba ikajaa watu wa matanga, wa karibu na wa mbali, na wengine ambao hakuna aliyewajua ila walijua saa ya kupakuliwa pilau. Kadi ya Huruma, ile Bi Somoe aliyopewa kwa uzee, ilikuwa katika mfuko wa msahafu, umetundikwa msumarini chumbani. Khitma ilipokwisha na watu kutawanyika, Bi Somoe aliufungua mfuko asome. Msahafu ulikuwamo. Kadi haikuwamo.

Naye alikuwa amekwisha ingia eda. Mwanamke aliye edani hatoki kwenda ofisini, hatoki kwenda sokoni, hatoki. Alipekua chini ya jamvi, akapekua kasha, akarudi akaketi. Na kilichomtia hofu zaidi ya njaa ni salamu za shemeji yake kutoka bara: "Mjane asiyeweza kujilisha hakai peke yake. Eda ikiisha na huna kitu, nyumba tutaifunga, uje huku uishi nasi." Alikuwa mtu mwema, yule shemeji, na nyumbani kwake palikuwa na wake wawili wasiosemezana. Bi Somoe alitaka kubaki katika nyumba yake, mahali ambapo adhana ya msikiti wa jirani aliijua hata pumzi yake, na kaburi la mumewe lilikuwa nyuma ya ukuta. Bila kadi, hapakuwa na kubaki.

Aliyemshika mkono siku zote hizo ni Bi Chiku. Kila asubuhi Bi Chiku aliingia na bakuli la uji, limefunikwa kwa sahani.

"Kunywa, jirani. Mfiwa hapiki."

"Mola akulipe, Bi Chiku."

Asubuhi ya kwanza Bi Somoe alipiga funda moja, akatulia. Ulimi ulimpa habari. Akapiga funda la pili. Uji ulikuwa mtamu, una sukari ya kutosha na iliki, na chini ya iliki ulikuwa na mafuta ya taa.

Sasa, Bi Chiku hakuwa na Kadi ya Huruma. Mumewe alikuwa mlinzi wa lango la Ofisi ya Kata, na watu wa Kata hawakuruhusiwa kupokea huruma kwa kuwa wao ndio waliokuwa wanaitoa. Unga ule ulitoka wapi?

Bi Somoe aliunywa wote, kwa kuwa njaa haina mwiko, akasema alhamdulillahi, akamwombea dua aliyeuleta. Kisha akavuta tasbihi. Mwenyezi Mungu ametukataza dhana, akasema baadhi ya dhana ni dhambi. Bi Somoe aliliona neno "baadhi." Akakaa nalo eda nzima.

*

Siku alipotoka edani alioga, akavaa, akajitanda ile kanga ya serikali kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mpya, akaenda Ofisi ya Kata. Karani Sefu alikuwa nyuma ya dirisha dogo, na mbele yake kipaza sauti, kwa maana sera ya uwazi ilitaka kila shida isikike.

"Shikamoo nyingi mno zinachelewesha kazi," alisema kabla hajasalimiwa. "Shida yako."

"Nimepoteza kadi, mwanangu."

"Ilete tuione."

"Nimeipoteza."

"Ndiyo. Ilete tuione kama kweli ndiyo iliyopotea. Wapo watu wanakuja hapa wanaripoti kadi iliyopotea, kumbe ni nyingine."

Karani akabonyeza kitu mezani, akatabasamu kama aliyemkamata kuku wa jirani.

"Mama, wewe si Somoe binti Athumani? Mbona mgao umechukua kila mwezi? Hata mwezi huu umechukua. Umekuja mwenyewe, umebonyeza siri yako mwenyewe."

"Mwezi huu nilikuwa edani."

"Mashine haisemi uongo."

"Na mimi sikutoka ndani."

Jambo likawa kubwa kumshinda karani, akaitwa Mtendaji wa Kata, Bwana Dihenga. Alitoka chumba cha ndani taratibu, tumbo likitangulia kama mjumbe, kalamu zimejaa mfukoni na zote zina vifuniko. Alielezwa. Akafikiri, huku akijitazama anavyofikiri katika kioo cha dirisha.

"Mama," alisema, "poleni na msiba. Lakini tuelewane. Eda ni jambo la dini. Unga ni jambo la serikali. Mtu anaweza kabisa kuwa edani kidini, na wakati uleule akawa dukani kiserikali. Sisi dini za watu hatuziingilii."

"Basi mpeni ule unga aliouchukua kiserikali," alisema mzee mmoja kwenye foleni, "aule kidini."

Foleni ikacheka. Bwana Dihenga akaitazama mpaka ikaacha.

Bi Somoe hakucheka. Alikuwa anamtazama Karani Sefu, ambaye wakati wote huo hakuuliza swali moja ambalo mtu yeyote angeuliza: kama si huyu mama, basi ni nani? Mtu asiyeuliza, alijiambia, ama hajali ama anajua. Akavuta istighfari kimoyomoyo, kisha akaendelea kutazama.

*

Walikubali kumpa kadi mpya. Bwana Dihenga alisema serikali haitaki ugomvi na mjane, hasa mbele ya foleni.

"Tamka siri ya zamani," alisema Karani Sefu, akamsogezea kipaza sauti.

"Si mnayo?"

"Tunayo. Tunataka kuona kama na wewe unayo."

Bi Somoe akaitamka. Sauti yake ikatoka kwenye spika zilizofungwa juu ya mwarobaini, ikavuka barabara, ikafika kwa wauza mihogo. Mwanamke mmoja mwishoni mwa foleni akainua mkono.

"Rudia, mama, ile ya mwisho haikusikika vizuri."

Akarudia. Namba ile ilikuwa imekufa zamani, hakuwa na wasiwasi nayo. Marehemu hata ukimtangaza haamki.

Ndipo ikaletwa mashine ndogo ya kuwekea namba mpya. Mwenye kadi hubonyeza kwa kidole chake, kisha huwaambia walinzi alichobonyeza. Bi Somoe alitandua kanga yake begani, akaitupia juu ya mashine na mkono wake pamoja, maandishi yakalala juu kama bango: SIRI YA MTUNGI AIJUAYE KATA.

"Mama, mbona unafunika?" aliuliza karani.

"Upepo."

Hapakuwa na upepo. Jani la mwarobaini halikutikisika. Alibonyeza, akainua kanga, akajitanda tena.

"Haya. Siri yako ngapi?"

Hapa Bi Somoe alikumbuka swali la Bi Chiku, na akakumbuka pia kwamba uongo ni haramu. Alikuwa ameliwaza hili siku nyingi juu ya msala, akaona kwamba kuna tofauti kati ya kumwambia mtu "namba yangu ni hii" na kumwambia mtu aandike.

"Andika," alisema. "Moja moja moja moja."

Karani akaandika kiganjani mwake. "Siri nzuri," alisema. "Haisahauliki."

Kisha alikwenda kwa Mwenyekiti Kondo. Alimkuta barazani anatafuna kashata, na suruali yake inazidi kukaza kila alipotafuna.

"Karibu mke wa marehemu. Umeniletea amana?"

"Nimeleta. Shika: mbili mbili mbili mbili."

"Mbili zote?"

"Zishike hivyohivyo."

"Nimezishika. Mimi nikishika kitu sikiachii, waulize watu wa mtaa."

Watu wa mtaa hawakuwa na haja ya kuulizwa.

Alipofika nyumbani, Bi Chiku alikuwa akimngoja kizingitini.

"Haya, na mimi mlinzi wako, nipe changu."

"Shika: tatu tatu tatu tatu."

Bi Chiku akamtazama. "Mbona rahisi hivyo?"

"Nimezeeka, jirani. Kichwa hakibebi."

"Lo, masikini," alisema Bi Chiku, na kweli alimhurumia. Alimletea hata kipande cha muhogo wa kuchoma jioni ile. Muhogo hauna harufu ila yake mwenyewe, na Bi Somoe aliula bila kuwaza.

*

Kadi mpya hakupewa siku ile. Karani Sefu alimweleza kwamba kadi ikitoka mashineni ina moto, na mwananchi anaweza kuungua, kwa hiyo ni lazima ipoe. Ilipoa kwanza mezani kwa karani. Ikapelekwa kwa mwenyekiti, ikapoa huko. Kisha ikaja kwa jirani mwenye tabia njema ili ipoe mwisho mwisho. Sheria ilitaka hivyo, na kila ilikokwenda ilipokelewa kwa mikono miwili.

Bi Somoe alingoja. Unga wa kibaba alioazimwa ulikuwa unaelekea mwisho. Shemeji alituma salamu nyingine: gari la mkaa linakuja huko wiki ijayo, ajiandae, dereva ni mtu wa dini. Bi Somoe aliteka maji mtungini kwa kata, akayanywa taratibu kama mtu anayekula.

Mwishowe Bi Chiku aliileta, imefungwa katika leso.

"Imepoa," alisema, naye hakukaa.

Bi Somoe alikwenda nayo moja kwa moja duka la mgao, akaitia kwenye mashine. Kabla hajagusa kitufe, mashine ikasema kwa sauti ya mwanamke aliyesoma: "Kadi hii imefungwa kwa usalama wako. Hongera."

Watu wote waliokuwa dukani wakasema pole. Bi Somoe akaitoa kadi, akaifuta kwa pindo la kanga.

"Nilidhani," alisema taratibu, ila hakusema alidhani nini.

*

Ofisini alikuta walinzi wake wote watatu wamekwisha itwa, wamekaa kwenye benchi moja kama ndugu. Ukifungiwa kadi, sheria hudai siri zako zikutane. Bwana Dihenga alikuwa mezani kwake na mashine mbele yake.

"Tuanze kwa kuisikiliza mashine," alisema. "Mashine zetu zina adabu. Mtu akikosea humwambia alivyokosea, ili asirudie. Na hukumbuka."

Akaitia kadi, akabonyeza.

"Jaribio la kwanza," ilisema mashine. "Moja moja moja moja. Umekosea. Pole."

Karani Sefu akakunja kiganja.

"Jaribio la pili. Mbili mbili mbili mbili. Umekosea. Pole."

Mwenyekiti Kondo akapata kikohozi.

"Jaribio la tatu. Tatu tatu tatu tatu. Umekosea. Pole sana. Kadi imefungwa kwa usalama wako. Hongera."

Bi Somoe hakumtazama karani wala mwenyekiti. Hao alikuwa amewakadiria tangu eda, na kuwapata ilikuwa kama kupata jiwe ndani ya mchele: unalitupa, unaendelea. Alikuwa akimtazama Bi Chiku. Mpaka dakika ile, pembeni ya moyo wake, alikuwa amemwekea jirani yake nafasi ya kutokuwemo.

Bi Chiku alikuwa anahesabu vidole vyake vya miguu.

"Nimefarijika," alisema Bwana Dihenga, akainuka. "Nimefarijika mno. Walinzi watatu, hawakuambizana, hawakulipwa, na kila mmoja kwa wakati wake amekwenda kuikagua siri ya mjane. Moyo gani huu? Nchi nyingine mlinzi akipewa siri huikalia tu."

"Mimi nilitaka kuhakikisha mama atapata chakula," alisema karani.

"Na mimi hivyohivyo," alisema mwenyekiti. "Nilikwenda hata na kikapu."

Bi Chiku aliendelea na vidole vyake.

"Tatizo," Bwana Dihenga akaendelea, uso ukibadilika, "ni wewe, mama. Umewapa walinzi wa serikali siri za uongo. Unajua uchungu wa mlinzi anayebonyeza siri aliyokabidhiwa, ikamkataa mbele za watu? Kwa nini uliwadanganya?"

"Sikudanganya. Nilisema andika, naye akaandika. Nilisema shika, nao wakashika. Hakuna niliyemwambia ndiyo hiyo."

Bwana Dihenga akatafuta mahali pa kuushika usemi huo, asipaone.

"Lakini siri ya mtungi aijuaye kata," alisema, akaonyesha ukutani.

"Kwangu mtungi upo mlangoni, bwana," alisema Bi Somoe. "Nautazama kila siku. Kata haiingii mtungini kutazama. Ukiiona imeingia, imekuja kuteka."

Mwenyekiti Kondo alitazama kikapu chake. Bwana Dihenga alirudia maneno yale kwa midomo tu, mara mbili, kisha uso ukamng'aa.

"Andika hilo, Sefu. Andika upesi. Tutalitia kwenye kanga ya mwakani."

Sefu akaliandika.

"Sasa, mama, tumalize. Tutajie siri ya kweli."

"Nikikutajia sasa, utajuaje kama ndiyo? Na hao wengine si walitajiwa? Ifungue kwanza kadi. Niibonyeze, ikikubali utaona ipo. Ndipo uniulize."

Bwana Dihenga aliipima hoja ile kushoto na kulia, akaiona haina kasoro, tena akaiona kama iliyotoka kichwani mwake mwenyewe. Akaweka dole gumba kwenye mashine, dole linalofungua kadi zote za Kata nzima. Mashine ikalia.

Bi Somoe akatandua kanga, akafunika. Mikono ya watu wanne ikasogea karibu kidogo, wala wenyewe hawakujua. Chini ya kitambaa vidole vyake vilikwenda polepole, huku midomo ikisema bismillahi. Alichobonyeza sisi hatukijui, na tuliuliza.

"Karibu, Somoe," ilisema mashine. "Mgao wako uko tayari."

Akaichomoa kadi yeye mwenyewe kabla mkono mwingine haujafika.

"Haya," alisema Bwana Dihenga, akitoa kalamu na kuivua kifuniko. "Sasa nitajie."

"Andika," alisema Bi Somoe. "Nne nne nne nne."

Karani akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akamtazama Bi Chiku. Bi Chiku akainamisha kichwa. Bwana Dihenga aliandika kwa mwandiko mzuri, akagonga muhuri juu yake.

"Siri nzuri," alisema. "Haisahauliki."

*

Alifika nyumbani na unga, maharage na mafuta. Mwenyekiti alijitolea kumbebea kikapu; Bi Somoe akamshukuru, akakibeba mwenyewe. Akatuma salamu bara: gari la mkaa lipite tu, yeye yupo. Mahali alipoificha kadi tulionyeshwa, lakini tumesahau.

Baada ya sala ya alasiri aliinjika chungu, akakoroga uji mwepesi, akautia sukari na iliki. Bi Chiku aliingia uji unapochemka, naye pia amejitanda kanga ya serikali. Alianza kusema tangu mlangoni.

"Jirani, watu wale si watu. Mimi waliniita wakanitia hofu, wewe unamjua mume wangu kazi yake iko mikononi mwao. Nami nikasema ngoja nione tu, nikajaribu mara moja, basi. Wala sikujua kama inafunga. Walaji ni wale. Mwenyekiti ndiye mwenye maharage, Sefu na mafuta yake, wewe hujui..."

Alinyamaza hapo, maana alikuwa ameanza kugawa mgao kwa mdomo wake, na katika mgao huo kilichobaki hakina mwenyewe ni unga.

"Kaa," alisema Bi Somoe.

Akakaa. Bi Somoe akampakulia uji katika bakuli, akalifunika kwa sahani, akampa kwa mikono miwili. Bi Chiku alifunua. Mvuke ukapanda na ile harufu ya mafuta ya taa ndani yake.

"Kunywa, jirani."

Bi Chiku alipiga funda moja dogo.

"Siku ile uliniuliza swali," alisema Bi Somoe, "nikakwambia nitafikiri. La mtu kutoa na mtu kurudisha. Nimelifikiri, wala sijalipatia jibu. Lakini nami ninalo langu."

Kuku alikuja akadonoa ukingo wa jamvi. Hakuna aliyemfukuza.

"Ule uji wa edani, asubuhi zote zile. Nilikuombea dua kwa ajili yake, na dua zangu sizifuti, ziko palepale. Kama si uji ule, pengine leo ningekuwa bara. Ila nataka kujua. Ulikuwa unanipa, au ulikuwa unanirudishia?"

Bi Chiku alilitazama bakuli. Akalirudishia sahani yake juu, akaliweka jamvini taratibu lisimwagike. Akainuka. Akajifunga kanga vizuri, akaupita mtungi mlangoni na kata inayoning'inia juu yake, akatoka.